Shahidi wa Mtungi wa Soya

Juni 13

Nimegombana na watu wawili na kipaza sauti kimoja kabla ya kifungua kinywa. Kipaza sauti ni cha mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Maeng, ambaye kila alfajiri hukikoholea kwanza ndipo aseme. Leo ametangaza: "Ndugu wanakijiji, korona imekwisha rasmi. Karantini ya lazima imefutwa, mmesikia wenyewe. Kesho chakula cha pamoja kinarudi ukumbi wa wazee, na baada ya chakula, nyimbo."

Imekwisha rasmi! Kama vile kirusi kinasoma gazeti la serikali. Nikatoka uani nikaanza kumjibu kwa sauti.

"Mama Se-ung," akaniita mama mkwe kutoka jukwaa la mitungi nyuma ya nyumba, "unaipigia kelele nguzo ya umeme."

"Nampigia Maeng."

"Maeng yuko ng'ambo ya mashamba. Chukua kitambaa, nisaidie kufuta."

Basi nikafuta. Mitungi yetu ya udongo ni sita, na wa katikati ndio unaotawala nyumba hii. Una mchuzi wa soya ambao Mama aliachiwa na mama mkwe wake, naye aliachiwa na wake. Kila mwaka mchuzi mpya unamiminwa juu ya ule wa zamani, kwa hiyo mtungi haujawahi kukauka. Jua likiwaka, vifuniko vinafunguliwa. Mvua ikikaribia, vinafungwa. Mama hahitaji utabiri wa hali ya hewa. Anainusa mvua kabla wingu halijaonekana.

Mimi ni mjane wa mwanawe wa pekee, Gyu-sik. Chuo kikuu kilipokataa kuniongezea mkataba, nilirudi huku kumtunza, ingawa kwa siku nyingi sijui nani anamtunza nani. Ninaandika safu ya gazeti kila wiki. Ndiyo silaha iliyonibakia.

Juni 16

Nimetuma makala, "Kwaya ya Waliopona". Nimewashambulia wote wanaodhani kupona ni cheti. Anaugua mara moja, anapona, halafu anatembea kifua mbele kana kwamba amelipa kodi ya maisha. Nimeuliza: mafua uliyapata mara ngapi tangu uzaliwe? Nani alikupa risiti? Kisha nikaeleza ukumbi fulani wa kijiji fulani, wazee wamebanana kwenye chumba kimoja na maikrofoni moja inapita mdomo kwa mdomo, na mwimbaji mkuu mwenye sauti ya bata anayepaliwa.

Sikutaja jina.

Juni 20

Imetoka. Bibi wa Hadong hakuitikia salamu yangu. (Ni jirani wa ukuta mmoja. Wake wa rika lake hapa huitwa kwa mahali walikozaliwa, na yeye aliletwa kutoka Hadong akiwa bibi harusi.) Mama amecheka hadi akashika mbavu. Wao wawili wamechukiana tangu ujana, kisa kikiwa huu mtungi. Bibi wa Hadong aliwahi kuomba chupa moja ya mchuzi wa zamani ili aanzishe wake, Mama akamnyima.

Juni 22

Joto. Vifuniko wazi mchana kutwa.

Juni 25

Jana nilikuwa mjini Jeonju kwenye mdahalo. Nilimpiga vibaya kwa hoja daktari mmoja wa runinga. Hata wafuasi wake walicheka. Ukumbi ulijaa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Barakoa niliivua kwa sababu sauti ilikuwa haifiki nyuma.

Leo mbingu ilikuwa buluu tupu, Mama akainuka akaanza kufunika mitungi. Nikamwambia amezeeka. Sijamaliza kumcheka, matone yakaanza kupiga bati la banda la kuku. Mvua za mwaka zimeanza.

Juni 28

Koo linawasha. Mvua.

Juni 29

Mistari miwili.

Nimekitazama kile kipimo cha korona kama mtu anayetazama kosa la uchapaji kwenye jina lake mwenyewe. Mimi! Niliugua mwaka jana mwezi Machi pamoja na nusu ya nchi hii, mimi na Mama wiki moja, homa na kikohozi, tukapona. Nimeandika makala kumi kwamba unarudi. Lakini kujua kitu kwa ajili ya kuwashinda watu ni kujua kwa aina fulani, na kukijua kitandani ni kwingine kabisa. Kumbe moyoni nilikuwa nimejitoa kwenye hesabu.

Nimemwambia Mama kupitia mlango wa karatasi asiingie.

"Ugonjwa huo si ulishaumaliza?"

"Umenirudia, Mama."

"Haurudi. Ni kama surua. Ukishaugua mara moja, umetoka."

"Nimeandika makala nzima kuhusu hilo!"

"Nimeisoma. Pale kwa bata nilicheka. Kwingine nililala."

Amekataa kupimwa. Alhamisi alikula ukumbini. Jumamosi nilikuwa Jeonju. Ni nani atakayemwambukiza mwenzake, au amekwisha kumwambukiza? Ninaweza kuutetea upande wowote wa swali hilo na nikashinda, na ushindi wenyewe hautamsaidia mtu.

Julai 2

Mvua. Kahawa haina harufu. Nimeuweka mtungi wa kimchi, kabichi yetu kali iliyochachushwa, chini ya pua: sawa na kunusa glasi. Mara ya kwanza halikunipata hili. Mama anakohoa, anasema ni vumbi. Vumbi, na uwanja umegeuka bwawa!

Julai 4

Asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kali. Nilimsikia akifungua vifuniko, kimoja kimoja, kama kila siku. Homa ikanichukua nikalala.

Niliamshwa na sauti ya Bibi wa Hadong juu ya ukuta: "Nyie! Mmekufa humo ndani? Mitungi! Mitungi inanyeshewa!"

Nilikimbia peku. Mvua ilikuwa ikishuka kwa ndoo, na mitungi yote sita midomo wazi. Mama alikuwa ameketi barazani, kaielekea mitungi ileile, mikono mapajani. Hakuwa amelala. Alikuwa anaitazama mvua kama mgeni ambaye hakumwambia kwamba atakuja.

Nilifunika yote peke yangu. Nilipoteleza nikapiga goti, aliendelea kuitazama mvua.

"Mama, umekuwaje?"

"Sikuisikia ikija," akasema. Halafu akaingia ndani akafunga mlango.

Julai 5

Ameuonja mchuzi wa mtungi wa katikati. Ameonja tena. Ameweka kijiko chini na amekataa chakula cha jioni.

Julai 6

Hataki kula. Jana nilidhani ni hasira, leo naona ni uamuzi. Nimempikia uji wa mchele, kaurudisha. Nimempikia viazi kwa soya, hakuvitazama hata.

Hatimaye akanipa pua nimpime. "Haya, nichome upendavyo, uninyamazie." Mistari miwili, tena haikusubiri.

"Kidude chako kimelowa," akasema.

Daktari wa kituo cha afya kanipigia simu, katuma dawa na kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni ya damu. Kifaa kikisoma chini ya tisini na mbili, apelekwe hospitali. Kinasoma tisini na nne. Vidonge anavipanga ukingoni mwa sahani kama mbegu za tikiti. Nimemhutubia. Nimemwambia kuhusu mapafu ya watu wa umri wake, kuhusu ukaidi unaojaza makaburi, kuhusu kupenda kujiona shujaa. Hotuba nzuri kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani.

Julai 7

Tisini na tatu. Hajala.

Julai 8

Lazima niandike yote, maana leo nimeshindwa mjadala na mwanamke aliyesoma mpaka darasa la nne, na sijui nilipokosea.

Mchana nilisikia maji yakimwagika nyuma. Nikamkuta jukwaani, mwanamke asiyeweza kutembea hadi chooni bila kushika ukuta, ameshika kata ya kuchotea. Amefunua mtungi wa katikati. Ndoo ilikuwa imejaa mchuzi mweusi, na nyingine alikwisha kuimwaga mferejini.

Nikamkamata mkono. "Mama! Mchuzi wa mama mkwe wako!"

"Umekufa."

"Nani kasema?"

"Nimeuonja. Chumvi tupu. Hauna harufu, hauna utamu, hauna kitu. Umekufa mikononi mwangu." Akaketi pale pale juu ya matofali yaliyolowa. "Niachie niumalize kabla haujafanya kazi yake."

"Kazi gani?"

Hakutaka kusema. Nilimtikisa, Mungu anisamehe, nilimtikisa bega mtu wa miaka sabini na tisa. Ndipo akasema. Mwaka aliokufa Gyu-sik, siku chache kabla ya ajali, aliufunua mtungi akakuta povu jeupe juu. Huku kila mtu anajua maana yake: mchuzi wa nyumba ukigeuka, nyumba inaanguka. Aliliondoa povu, akaufunika, akanyamaza. "Nilijiambia ni joto. Nikanyamaza, na mwanangu akaondoka. Sasa umekufa kabisa. Kwenye nyumba hii amebaki mwanamume mmoja."

Se-ung. Mwanangu, ambaye yuko Geoje kwenye karakana ya meli, anachomea vyuma juu ya majukwaa marefu.

Kwa hiyo siku zote hizi nilizokuwa nikiuhubiria ukaidi, haukuwapo. Hakuwa akipuuza ugonjwa. Ugonjwa haukumshughulisha hata. Alikuwa akimwogopea mwanangu, akalificha hilo ili nisiogope naye. Na chakula alikataa kwa sababu kila kitu jikoni mwetu kinapikwa kwa mchuzi ule.

Nikampigia Se-ung papo hapo, nikaweka sauti ya juu. Alikuwa anakula tambi. "Bibi! Umeshakula?" akauliza, kama tuulizavyo sote. Bibi akamjibu ameshakula, ameshiba. Simu ilipokatika nikasema, "Umesikia? Mzima!"

"Leo mzima. Gyu-sik naye alikuwa mzima."

Basi nikatumia akili, nikapiga magoti mbele yake na kumweleza taratibu. "Mama, mtungi haujafa. Ni pua yako. Ugonjwa huu unaua kunusa. Tazama, hata mimi sinusi kitu tangu Jumapili."

"Mwaka jana niliugua huuhuu, na pua yangu ilikuwepo."

"Mara ya pili unaweza kuja na sura nyingine."

"Haya. Wewe hunusi?"

"Sinusi."

"Basi utakuwaje shahidi? Asiye na pua ananiapia kuhusu harufu!"

Nimesimama mbele ya maprofesa na mawaziri, na hakuna aliyewahi kunifunga hivyo. Nilichovya kidole mtungini, nikalamba. Chumvi tupu. Huenda umekufa kweli. Mvua iliingia, mimi mwenyewe niliona ikiingia. Tulikuwa wanawake wawili mbele ya mtungi mmoja, na baina yetu hapakuwa na pua hata moja.

"Nitamwita Maeng," nikasema. "Au nesi wa kituo."

"Watasema ni mzuri. Maeng ananiheshimu, nesi ananihurumia. Anayenipenda atanidanganya." Akakohoa mpaka midomo ikawa ya zambarau. Kisha akasema, "Mlete wa Hadong."

"Mama, yule anakuchukia."

"Ndiyo maana."

Kifaa cha kidole jioni: tisini na mbili.

Julai 9

Nimesimama nje ya lango la Bibi wa Hadong na barakoa mbili, mbali kiasi cha kurushiana maneno. Yeye alikuwa anachambua vitunguu saumu barazani, wala hakuinua kichwa.

"Mwandishi! Umekuja kusikiliza bata?"

"Bibi, sikukutaja jina."

"Bata mwingine kijiji hiki ni nani? Mjukuu wangu wa Seoul ameisoma. Ananipigia simu analia kama bata mbele ya rafiki zake wote: kwa-kwa-kwa."

"Niliandika vibaya."

"Uliandika vizuri! Hilo ndilo linaloniuma. Mpaka mimi nilicheka kabla sijajua ni mimi." Akatupa ganda. "Sema kilichokuleta."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mtungi, mikono yake ikasimama. Nilipofika kwenye kifaa cha kidole, akainuka, akaingia ndani, na akatoka na kijiko. Si kijiko cha chai. Ni kile kikubwa cha shaba cha sherehe.

"Barakoa usivue mpaka dakika ya mwisho," nikamwambia njiani. "Na usisogee karibu na Mama."

"Nilishaugua mwaka jana. Mimi tena?"

Nilijiuma ulimi kwa nguvu zote nilizo nazo. Nadhani ndiyo makala bora ambayo sikuiandika.

Mvua ilikuwa imetulia. Nilimweka Mama barazani, kajifunga blanketi, uso kama karatasi ya mlango. Bibi wa Hadong alisimama jukwaani. Hawakusalimiana.

"Umekonda," Bibi wa Hadong akasema kwa mbali. "Unaonekana kama samaki mkavu."

"Onja, acha maneno."

Akafunua kwanza mtungi wa pembeni, wenye rojo la soya la mwaka huu. Akainama, akakunja uso. "Huu umwage. Maji yamefika chini, una ukungu. Hata nguruwe atakataa."

Niliona vidole vya Mama vikibana blanketi.

Kisha wa katikati. Akateremsha barakoa. Akanusa, muda mrefu, akiwa amefumba macho. Akachovya kijiko, akaonja. Akachovya tena.

"Mara ya pili ya nini?" Mama akapaza sauti, na ile ndiyo sauti ya kwanza ya kweli niliyoisikia kwake wiki nzima.

"Ya tamaa."

Akalamba kijiko mbele na nyuma. "Tangu nilipoletwa kijiji hiki, nimengoja mtungi huu ufe. Leo nimekuja na kijiko kikubwa, nikasema moyoni, Hadong, siku yako imefika." Akatikisa kichwa. "Haujafa. Mchoyo mkubwa wewe, haujafa hata kidogo. Juu umelegea kwa maji ya mvua. Chota wa juu, chemsha, ongeza chumvi, urudishe. Chini ni uleule unaoninyima usingizi."

"Apa."

"Niape ya nini? Kama ningetaka kuongopa, ningeongopa kinyume chake."

Mama alimtazama kwa muda. Niliona anaupima ushahidi ule, anatafuta pa kuupasua, hapaoni. Mabega yake yakashuka.

"Mama Se-ung," akasema, "nina njaa."

Julai 10

Uji bakuli zima, na matone matatu ya mchuzi wa mtungini. "Chumvi tupu," akasema, akameza. Vidonge navyo akameza, kimoja kimoja, akivilaani. Daktari amesema dawa haijachelewa. Nimeomba gari la hospitali liwe tayari hata hivyo, na safari hii hakubisha. Tisini na tatu.

Julai 13

Kifaa kinasoma tisini na tano. Mvua.

Nimechemsha mchuzi wa juu kama nilivyoelekezwa, maelekezo yenyewe yakipigwa kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. "Punguza moto! Unachemsha au unaunguza? Profesa gani wewe!"

Ninawaza. Kwa miaka thelathini nimewatumia wapinzani wangu kama mifuko ya kupigia ngumi. Nimewasoma kutafuta walipokosea, na nimekuwa hodari. Lakini sijawahi kumwita hata mmoja wao nimwambie: wewe huna sababu ya kunipendeza, hebu nionjee hiki. Mama alilifanya hilo akiwa na homa. Waliokuwa wakinisifu baada ya mdahalo wa Jeonju walikuwa wengi, na hakuna aliyeniambia nivae barakoa.

Julai 16

Bibi wa Hadong: mistari miwili tangu juzi. Maeng ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba "jirani mmoja, sitamtaja jina" amerudiwa na korona. Bibi amekasirika kuliko alivyokasirikia bata. Ana mafua tu, na sauti yake kupitia ukutani haijapungua nguvu. Kama kaipata kwetu au kwenye kwaya yake, hakuna atakayejua. Nimempelekea uji langoni kila siku. Hajashukuru, vyombo anarudisha vimeoshwa.

Julai 19

Mama ameniamuru nijaze chupa moja kutoka mtungi wa katikati, kutoka chini kabisa. Kubwa. Nikauliza ya nani.

"Unajua ya nani."

"Ulimnyima miaka yote hii."

"Mtungi mmoja, nyumba moja, pua moja. Ulikuwa mpango mbaya." Kisha, nilipokuwa mlangoni: "Mwambie ni mkopo."

Julai 27

Wanasema mvua zimekwisha. Nimeiandikia safu yangu makala fupi. Mhariri kauliza kama ninaumwa.

Agosti 3

Jua kali. Vifuniko wazi tangu asubuhi. Pua ya Mama bado haijarudi; daktari anasema inaweza kuchukua miezi, anasema pia inaweza isirudi, nami safari hii sikumbishia kwa ushahidi wowote. Mama hufungua na kufunga mitungi kwa kumtazama Bibi wa Hadong juu ya ukuta. Akifunga yule, naye anafunga. Bibi wa Hadong anajua, na siku nyingine hujifanya kufunika bure ili kumwamsha. Mama humtukana, wanacheka.

Leo nilikuwa nikiandika, nikainua kichwa ghafla. Kitu kilikuwa kimeingia chumbani. Ilinichukua muda kutambua ni nini: wino. Halafu mkeka. Halafu nyasi zilizokatwa shambani kwa Maeng. Nikatoka mbio hadi jukwaani, nikaona Mama ananitazama tu, ameshaelewa.

Nikainama juu ya mtungi wa katikati, nikavuta pumzi yote.

"Mtungi unanukiaje?" akauliza.

Maneno ndiyo kazi yangu. Nilikuwa nayo mengi: kahawia, udongo, utamu wa kitu kilichoungua kidogo, chini yake chumvi, chini ya chumvi kitu cha zamani kuliko sisi sote. Nikamtazama usoni nikajua hakuuliza hayo.

"Kama mwaka jana, Mama."

Akafumba macho. "Kama mwaka jana," akarudia, kisha akakiokota kifuniko kando ya mtungi akakishikilia kifuani, hakukirudisha bado, kwa kuwa jua lilikuwa bado zuri.